Chipu, Chanjo, Damu: Kuhama na Mbwa au Paka Kwenda Ulaya

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu mliofika, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni kuhama na mbwa au paka kutoka hapa Dar es Salaam kwenda Ulaya. Naomba tuanze na tarehe, maana watu wengi huanza na kizimba na tiketi. Kizimba kinanunuliwa kwa siku moja, na tiketi hupatikana hata wiki ya mwisho. Tarehe haziuzwi popote. Mnyama ambaye hajaanza chochote anahitaji miezi minne kamili, tena hiyo ni kama kila hatua imekwenda sawa, ndipo aruhusiwe kuingia nchi ya Umoja wa Ulaya. Kama ni mtoto, hawezi kuingia kabla hajakaribia miezi saba tangu azaliwe. Kwa hiyo mwenye mkataba wa kazi unaoanza baada ya wiki sita ajue leo hii kwamba atatangulia yeye, na mnyama atafuata.

Mtu aliyeko Mauritius au Dubai anamaliza shughuli hii kwa wiki tatu, kwa sababu nchi hizo zimo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi ambazo mbwa na paka wake hawadaiwi kipimo cha damu. Tanzania haimo. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo nazo hazimo. Sababu ni moja: kichaa cha mbwa bado kipo mitaani kwetu. Ugonjwa huo hukaa mwilini kimya, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na mitatu, kabla dalili hazijatoka. Mbwa aliyeng'atwa jana ana uso uleule wa mbwa mzima. Ndiyo maana Ulaya inataka kuona kinga kwenye damu, kisha inasubiri miezi mitatu mingine ione kama kuna kitu kilichokuwa kimejificha.

Mpangilio ni huu: chipu, chanjo, damu, kusubiri, cheti. Ukiugeuza, hata kama kila kitu kimefanyika na risiti unazo, hesabu inarudi mwanzo.

Chipu ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi ya shingo au kati ya mabega. Ulaya inataka iliyo katika viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Msishangae zikianza na 9 badala ya namba ya Tanzania, ambayo ni 834. Zinazoanza na 9 hubeba namba ya kiwanda, nazo zinakubalika. Tatizo ni chipu za zamani za Kimarekani zenye tarakimu 9 au 10. Skana ya uwanjani Ulaya inaweza isizione kabisa, na chipu isiyosomeka ni sawa na kutokuwa na chipu. Mwenye mnyama wa aina hiyo abebe skana yake mwenyewe, au mnyama awekewe ya pili inayofuata ISO, na namba zote mbili ziandikwe kwenye karatasi.

Chipu iwekwe kabla ya chanjo, au siku hiyohiyo lakini kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mbwa amechanjwa kila mwaka tangu akiwa mdogo na kadi imejaa mihuri, halafu chipu inawekwa baadaye kwa ajili ya safari. Kwa Ulaya, chanjo zote zilizotangulia chipu hazihesabiki, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyeko kwenye kadi ndiye huyu aliyesimama mbele yao. Ni vivyo hivyo kwa chanjo za kampeni zinazotolewa bure Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba. Mpelekeni mbwa wenu pale, mtaa mzima unanufaika, ila kama hakuwa na chipu siku ile, msiiweke chanjo hiyo katika hesabu ya safari.

Kila mnapokwenda kliniki, mwambieni daktari apitishe skana kabla ya sindano, asome namba kwa sauti, nanyi mfuatilie kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu mbili zilizopishana kwenye kadi hutesa zaidi ya ugonjwa. Chipu nayo hutembea. Ikikosekana shingoni, apitishe skana mabegani mpaka kwenye viwiko.

Chanjo ya kichaa hutolewa mnyama akiwa na wiki 12 au zaidi. Kwenye kadi au pasi lazima pawe na kibandiko cha kichupa, namba ya toleo, tarehe ya kuchanja na tarehe ya mwisho wa kinga. Ulizeni pia chanjo ilihifadhiwa wapi. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na nyote mnaujua umeme wetu. Kliniki yenye friji isiyo na kipimajoto wala jenereta inaweza kumchoma mnyama wako sindano isiyofanya kazi, usijue mpaka majibu ya damu yarudi.

Sasa tufike kwenye damu. Nitakaa hapa kidogo, kwani ndiyo hatua inayovunja safari nyingi.

Damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Siku ya 29 haifai, na hakuna wa kumbembeleza. Lakini msivute sana mbele pia. Kwa mnyama aliyechanjwa mara ya kwanza, kingamwili hupanda hadi kileleni kati ya wiki ya nne na ya sita, kisha huanza kushuka. Aliyechanjwa mara moja tu na kuchukuliwa damu miezi mitano au sita baadaye anaweza kabisa kushindwa, ingawa chanjo yake ilikuwa nzuri. Ushauri wangu kwa mnyama anayeanza: siku ya 31 hadi ya 40. Kama nafasi ipo, mpeni chanjo mbili zilizoachana mwezi mmoja, kisha hesabuni siku 30 kutoka ile ya pili. Gharama inaongezeka kwa sindano moja, na uwezekano wa kufeli unashuka sana.

Kinachotafutwa ni kingamwili zisizopungua 0.5 IU kwa mililita. Maabara lazima iwe imeidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Ile ya ANSES iliyoko Nancy, Ufaransa, ndiyo maabara rejea yao kwa kipimo hiki. Maabara nzuri ya hapa nyumbani, hata iwe na mashine mpya kiasi gani, kama haimo kwenye orodha yao majibu yake hayapokelewi.

Tuangalie kichupa chenyewe. Daktari anatoa mililita 4 au 5 za damu, kwa kawaida kwenye mshipa wa mguu wa mbele au wa shingo, na kuziweka katika kichupa kikavu kisicho na dawa ya kuzuia kuganda. Anakiacha kisimame mpaka damu igande, anakizungusha kwenye mashine, kisha anavuta seramu ya juu, ile ya manjano angavu, na kuihamishia kwenye kichupa kingine safi. Mililita moja hadi mbili za seramu zinatosha. Ikiwa ya waridi au nyekundu, chembe za damu zimepasuka: pengine sindano ilikuwa nyembamba mno, pengine kichupa kilitikiswa au kilichelewa kwenye joto. Maabara itaikataa, maana kipimo hufanywa juu ya seli hai na seramu chafu huziua seli hizo. Irudieni siku hiyohiyo, msiitume kwa matumaini. Juu ya kichupa iandikwe namba ya chipu, yote 15, kwa wino usiofutika, na kiende ndani ya boksi lenye barafu na karatasi za daktari pamoja na kibali cha kusafirisha sampuli. Msitume Ijumaa. Sampuli itakaa wikiendi nzima kwenye ghala la mtu.

Miezi mitatu huhesabiwa kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Majibu yakichelewa wiki tatu, hupotezi kitu, mradi yawe mazuri. Tuseme chipu na chanjo ni tarehe 10 Januari. Damu haiwezi kuchukuliwa kabla ya tarehe 9 Februari. Tuiweke tarehe 12. Miezi mitatu inatimia tarehe 12 Mei. Kateni tiketi ya tarehe 20, siyo ya 13, kwa sababu cheti kina mambo yake.

Na chanjo isiishe katikati. Kama kinga ya chanjo inaisha tarehe 1 Mei, marudio yatolewe kabla ya siku hiyo. Ikipita hata siku moja, chanjo inayofuata inahesabiwa kama ya kwanza, na mnarudia siku 30, damu, na miezi mitatu.

Cheti cha afya cha Ulaya hutolewa au kuidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali: kwa Tanzania Bara ni chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Zanzibar ina mamlaka yake, maana mifugo si jambo la Muungano, walioko Nairobi huishia Kabete. Cheti kikishatolewa, mna siku 10 kufika mbele ya mkaguzi wa kituo cha kwanza cha kuingilia. Kwa safari ya tarehe 20, cheti cha tarehe 16 kinawapa nafasi ya ndege kuahirishwa. Kiwe katika Kiingereza pamoja na lugha ya nchi mnayoingilia. Hii ina maana mnaoshukia Amsterdam kisha mkaunganisha kwenda Berlin, ukaguzi wenu uko Amsterdam, na cheti kinakuwa na Kiholanzi. Muhuri na saini viwe na rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, kwa hiyo wino wa bluu. Vipengele visivyohusika vikatwe kwa mstari, na kila mkato uwe na saini fupi na muhuri. Karani aliyechoka huruka mkato mmoja. Ninyi msiondoke dirishani bila kukagua kurasa zote.

Mwenye mnyama, au mtu aliyemwandikia idhini, asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mnyama, na wanyama wasizidi watano. Nje ya hapo mnahesabika kama wafanyabiashara, na kanuni za biashara ni ngumu zaidi. Wale niliosema watatangulia kazini wazingatie hili: mtarudi kumchukua, au mtamwandikia idhini ndugu anayesafiri.

Kabla hamjatumia hata shilingi, angalieni aina ya mbwa. Ujerumani hairuhusu kuingizwa kwa Pit Bull, American Staffordshire, Staffordshire Bull Terrier na Bull Terrier, wala machotara wao. Uingereza imeongeza XL Bully kwenye orodha yake. Na Boerboel, ambaye siku hizi analinda mageti mengi huku kwetu, amepigwa marufuku Denmark tangu 2010. Mbwa wa kienyeji mwenye kichwa kipana anaweza kutiliwa shaka kwa sura tu. Picha, kadi na maelezo ya daktari vinasaidia.

Wanaokwenda kwingine niwape machache. Finland, Ireland, Malta na Norway hudai mbwa apewe dawa ya tegu yenye praziquantel kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na daktari aandike siku na saa. Uingereza inadai hiyohiyo, pamoja na ile miezi mitatu, na kwa ndege mnyama huingia kama mzigo kwenye njia zilizoidhinishwa, kabini sahauni. Marekani ilibadilisha kanuni za mbwa kuanzia tarehe 1 Agosti 2024: awe na miezi 6, awe na chipu, fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ijazwe, na aliyechanjwa katika nchi zetu apokelewe na kituo kilichosajiliwa katika viwanja vichache vilivyotajwa, nafasi ikiwa imewekwa mapema. Bila majibu ya damu kutoka maabara inayotambuliwa na CDC, ni karantini ya siku 28. Paka hawamo katika kanuni hiyo.

Tuje kwenye kizimba. Mchukueni mnyama asimame wima, mkanda wa fundi cherehani unatosha. Pimeni urefu kutoka puani hadi mzizi wa mkia, tuuite A. Kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, B. Upana wa mabega, C. Kutoka sakafuni hadi kichwani, au ncha ya sikio kama linasimama, D. Urefu wa kizimba ni A na nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D pamoja na unene wa tandiko. Mbwa mwenye A ya sentimita 70, B 30, C 22 na D 62 anataka urefu wa 85, upana wa 44, kimo cha 67 hivi kwa tandiko la sentimita 5. Kizimba cha dukani kinachomtosha ni cha karibu 91 kwa 64 kwa 69. Wenye pua fupi, kama Pug, Bulldog na paka wa Kiajemi, huongezewa asilimia 10.

Mkienda kwenye mizigo, shirika linalipisha kwa nafasi: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 6,000. Kizimba hicho kinatoka kilo 67, hata kama mbwa ana kilo 25. Watu hukasirika dirishani, wakadhani wakala amewaibia. Wakati mwingine amewaibia kweli, ila kwanza fanyeni hesabu hii.

Vile vibanio vya plastiki vinavyokuja na kizimba toeni, wekeni bolti na nati za chuma pande zote. Magurudumu yatolewe. Matundu ya hewa yawe pande zote nne. Vyombo vya maji vifungwe mlangoni ndani, viweze kujazwa kutoka nje bila kufungua. Gandisheni maji kwenye chombo usiku wa kuamkia safari. Yatayeyuka taratibu njiani badala ya kumwagika kwenye gari kabla hata hamjafika uwanja wa ndege, Kipawa. Mlango ujaribuni kwa nguvu ya mkono, kwani mbwa aliyeshikwa na hofu husukuma kwa pua na kung'ata nondo mpaka meno yavunjike. Hofu hiyo hupungua kama kizimba kimeingia nyumbani wiki sita kabla: mlango wazi, chakula ndani, kisha mlango ufungwe akiwa anakula, kisha alale humo, kisha azungushwe nacho kwenye gari. Tandikeni kanga mliyoilalia, isiyofuliwa.

Paka na mbwa wadogo huweza kukaa kabini kwa mashirika kadhaa, mara nyingi kwa uzito usiozidi kilo 8 pamoja na begi. Mashirika ya Ghuba ni magumu zaidi, ingawa Qatar Airways humruhusu kipanga akae kabini na mwenyewe, kila watu na mila zao. Paka wa kabini avalishwe mikanda ya kifuani, kwa kuwa kwenye ukaguzi begi linapita kwenye mashine na yeye anabebwa mkononi. Paka aliyeponyoka ndani ya jengo la abiria hupanda kwenye dari, na ndege haimsubiri.

Dawa ya kutuliza au ya usingizi msimpe. Inashusha presha, inamnyima uwezo wa kurekebisha joto la mwili na kujishikilia kizimba kinapoinamishwa, na huko chini kwenye mizigo hakuna wa kumtazama. Mashirika hukataa mnyama aliyelewa dawa. Wenye pua fupi wako hatarini hata bila dawa, ndiyo maana mashirika mengi hayawabebi kabisa huko chini. Niseme wazi: Bulldog mzee anayekoroma akiwa amesimama, na mbwa mwenye ugonjwa wa moyo kutanuka, abaki kwa ndugu anayempenda. Kumlazimisha si upendo.

Kwa wote, pimeni damu kuangalia magonjwa ya kupe mwezi mmoja kabla. Huku pwani Ehrlichia na Babesia ni vya kawaida, na mbwa mwenye upungufu wa damu hasafiri vizuri. Kupe wenyewe waondolewe mapema, kwa maana kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuzaliana ndani ya nyumba za Ulaya zenye joto, na kumtoa kwenye zulia la mwenye nyumba ni kazi. Chagueni ndege ya usiku. Februari hapa mchana hufika nyuzi 32 kivulini, na lami ya uwanjani ni zaidi. Chakula kidogo saa nne hadi sita kabla ya safari, maji mpaka dakika ya mwisho.

Mkishuka, njia ni ya forodha yenye vitu vya kutangaza. Mkaguzi atapitisha skana, atalinganisha namba na cheti, majibu ya damu na chanjo. Karatasi zikikosa, sheria inampa njia tatu: kumrudisha mnyama alikotoka, kumweka karantini mpaka atimize masharti, au kumuua pale mbili za kwanza zisipowezekana. Gharama ni zenu. Bebeni nakala halisi mkononi, na nakala nyingine zibandikwe juu ya kizimba.

Wiki ya kwanza nendeni kwa daktari wa huko awatengenezee pasi ya Ulaya ya mnyama. Ujerumani, mbwa huandikishwa pia manispaa na kulipiwa kodi. Mwambieni daktari aingize majibu ya damu kwenye pasi hiyo, na awape tarehe ya marudio ya chanjo. Likizo ya Desemba mkitaka kuja naye Zanzibar, majibu mazuri yaliyoandikwa kwenye pasi kabla hamjatoka Ulaya yanawaondolea miezi mitatu ya kusubiri wakati wa kurudi, mradi chanjo haikukatika hata siku moja. Ikikatika, mtaanza tena na sindano, siku 30 na kile kichupa cha seramu.

Sasa nipokee maswali, tuanze na wenye paka.